Ile telefone inayoandika majina kambini: ilitoka wapi, na nani anaitunza?

Kila familia iliyohama makwao katika Kivu ya Kaskazini, Kivu ya Kusini ao Ituri inajua siku ya kuandikishwa. Kijana aliyevaa gile ya shirika anafika asubuhi, anasimama mbele ya hema, anatoa telefone na kuanza kuuliza. Mkubwa wa familia anaitwa nani? Muko watu wangapi? Watoto wa chini ya miaka mitano ni wangapi? Mulitoka kijiji gani, na mwezi gani? Anagusa kioo, maulizo yanafuatana, kisha anasema asante na kwenda hema ya pili. Hakuna karatasi, hakuna kalamu. Mama anabaki na ulizo ambalo hakuna mtu aliyemjibu: majina yetu yameenda wapi?

Ukimuuliza yule kijana, mara nyingi atajibu neno moja tu: Kobo. Neno hilo limezoeleka sana kwa wenye kufanya kazi na mashirika ya kiutu huku mashariki mwa Congo. Kuna wenye kufikiri kwamba Kobo ndiyo shirika lenye kugawa unga na mafuta. Wengine wanafikiri ni mashine ya serikali. Vyote viwili si kweli. Kobo ni programu ya kuandikia majibu, na ndani ya telefone hiyo kuna kazi ya watu wengi wa inchi nyingi. Kati yao kuna nyumba moja ndogo ya mafundi ambayo watu wachache kambini wamewahi kuisikia. Historia yake inafaa kujulikana, kwa sababu jina la familia likipotea ndani ya telefone, jetoni nayo inapotea.

Kwanza tukumbuke namna ilivyokuwa mbele ya telefone. Majina yaliandikwa kwenye fishi za karatasi. Mvua iliponyesha, wino ulitoka. Fishi zilifungwa kwenye magunia ao makarito, zikapakiwa ndani ya gari mpaka mjini, na huko watu walikaa siku nyingi mbele ya ordinateri wakiandika upya kile ambacho wenzao walikuwa wameandika kwa mkono. Kahindo aliweza kugeuka Kahambu, watu saba wakageuka mmoja kwa sababu namba haikusomeka. Liste ilipokuwa tayari, familia nyingine ilikuwa imeshahama tena.

Shida hiyo haikuwa ya Congo peke yake. Ilikuwa Kenya, Uganda, Tanzania, India, na kila mahali ambapo watu wa afya na wa misaada walipaswa kuhesabu watu mbali na barabara na mbali na rezo.

Majaribio ya kwanza yalifanywa kwenye telefone ndogo za vifungo. Mafundi wa mashirika mbalimbali walikusanyika katika kundi lililoitwa OpenRosa, wakakubaliana namna moja ya kuandika fomu za maulizo, na wakatengeneza kwa pamoja programu yenye jina JavaRosa. Mmoja kati ya waliosukuma kazi hiyo mbele ilikuwa Dimagi, kampuni ya ushauri na ufundi iliyoanzishwa mwaka 2002 katika jimbo la Massachusetts, Marekani. Dimagi ilikuwa ndogo wakati huo, na ilitafuta riziki kwa kutengenezea mashirika ya afya programu walizohitaji. Lakini iliweka sehemu kubwa ya kazi yake mezani, wengine waione na waitumie.

Mwaka 2008 telefone za Android zilianza kuuzwa. Mwaka huohuo, mwalimu wa chuo kikuu cha Washington, mjini Seattle, aliyeitwa Gaetano Borriello, alikuwa kwenye likizo ya utafiti ndani ya kampuni ya Google. Yeye pamoja na wanafunzi wake Yaw Anokwa, Carl Hartung na Waylon Brunette waliona kwamba telefone hiyo mpya ilikuwa na vitu vyote ambavyo mwenye kuandikisha anahitaji: kioo kikubwa, kamera, chombo cha kujua mahali mtu alipo, na nafasi ya kutunza majibu mpaka rezo ipatikane. Walichukua JavaRosa, wakaijengea nyumba mpya ndani ya Android, na kazi yao ikaitwa Open Data Kit, ao kwa kifupi ODK.

Kati ya waliotumia ODK mapema ni mpango wa afya wa AMPATH, magharibi mwa Kenya, upande wa Eldoret. Wafanyakazi wake walikuwa wakitembea nyumba kwa nyumba kupima watu ukimwi na kuwapa mashauri. Walihitaji chombo kimoja cha kubeba maulizo, majibu na alama ya mahali nyumba ilipo. Kwa hiyo programu hii iliandikwa Marekani, lakini ilikomaa kwenye njia za vumbi za Afrika ya Mashariki. Shida za kule, kama moto kuisha ndani ya betri, rezo kukatika, na mtu mmoja kuwa na majina matatu, ndizo zilizowafundisha mafundi cha kurekebisha.

Sasa kuna jambo moja la kuelewa vizuri. Kila programu imejengwa kwa msimbo, yaani maagizo yanayoandikwa na mafundi ili kuambia telefone ifanye nini. Kampuni nyingi zinaficha msimbo wao. Unanunua programu lakini hauruhusiwi kuifungua. Ikiharibika, unamngojea mwenyewe. Programu huria ni kinyume chake. Msimbo wake uko wazi. Kila mtu anaweza kuusoma, kuunakili, kuubadilisha na kuugawa.

Watu wa Goma wanaweza kuelewa jambo hili kwa kuangalia chukudu. Hakuna mtu aliyeficha namna chukudu inavyochongwa. Fundi wa Kibumba anaangalia ya mwenzake, anachonga yake, anaongeza kipande cha mpira wa gurudumu ili isiteleze, na kesho yake fundi mwingine anaiga kile kipande. Ndiyo maana chukudu imekuwa nzuri zaidi kuliko ile ya kwanza, na mwenye chukudu iliyovunjika hakosi mtu wa kuitengeneza. ODK ilitolewa kwa namna hiyo. Sharti kubwa la kuitumia ni kutunza majina ya waliotangulia kuifanya.

Lakini chukudu inatengenezwa na fundi mwenye kulipwa. Programu huria inagawiwa bure. Nani basi anamlisha fundi wake?

Katika miaka ya kwanza ni chuo kikuu kilichobeba mzigo huo, pamoja na pesa za wafadhili kama Google. Wanafunzi waliandika msimbo huku wakitafuta diploma zao kubwa. Walipomaliza shule, walikuwa na njia mbili: kwenda kutafuta mishahara minene katika kampuni kubwa na kuacha kila kitu, ao kutafuta namna ya kuishi kwa kazi hiyohiyo. Anokwa alichagua njia ya pili. Mwanzoni mwa miaka ya 2010 yeye na wenzake walianzisha kampuni ndogo ya ushauri mjini Seattle. Waliiita Nafundi. Mwenye kusema Kiswahili hahitaji kutafsiriwa. Neno fundi limo ndani yake.

Nafundi haikuwa kampuni ya maghorofa. Ilikuwa kundi dogo, na mmoja wa walioongoza kazi yake ya ufundi pamoja na Anokwa ni Hélène Martin, aliyewahi kufundisha kompyuta katika chuo kikuu kilekile. Namna yao ya kuishi ilikuwa nyepesi kueleza na ngumu kufanya. Shirika fulani linakuja na kusema: tunatumia ODK, lakini tunahitaji ifanye kitu ambacho haifanyi bado. Nafundi inakubali kazi, inalipwa, inaandika msimbo. Kisha, badala ya kufungia msimbo huo kwa ajili ya mteja mmoja, inaurudisha ndani ya ODK, ili kila mtu aupate bure. Shirika tajiri la Geneva linalipa mara moja; kituo cha afya kisicho na kitu kinapata faida ileile.

Wakati mafundi hao walikuwa wakifanya hivyo, ODK ilikuwa imeshazaa matawi. Katika chuo kikuu cha Columbia, New York, mafundi walichukua msimbo wake wakatengeneza Formhub, mahali pa kupokelea majibu yanayotumwa kutoka telefone. Walisaidia pia kufanya fomu ziweze kuandikwa kwenye jedwali la Excel, jambo ambalo lilifungua mlango kwa watu wasiojua kuandika msimbo. Baadaye wamoja wa watu wa Formhub walianzisha kampuni yao wenyewe, Ona, yenye biro Nairobi. Na huko Harvard, watafiti Patrick Vinck na Phuong Pham, ambao walikuwa wamefanya kazi kwa miaka kaskazini mwa Uganda na mashariki mwa Congo wakiuliza raia maoni yao juu ya amani na haki, walikuwa wakijenga chombo chao kwa ajili ya maeneo ya vita. Mwaka 2014 kazi yao iliungana na nguvu za OCHA, biro ya Umoja wa Mataifa inayosimamia misaada ya kiutu, pamoja na shirika la IRC. Walichukua msimbo wa Formhub, wakauendeleza, na KoboToolbox ikasimama kama chombo cha wote wenye kushughulika na watu walio katika shida.

Ndiyo hiyo Kobo ya kambini. Programu inayoshikwa na kijana wa gile, KoboCollect, imejengwa juu ya ODK Collect. Ni ndugu wa tumbo moja, wanaovaa nguo za rangi tofauti. Fundi wa ODK akiziba tundu fulani, watu wa Kobo wanaweza kuchukua dawa hiyo na kuipeleka kwenye telefone za Bunia, Minova ao Kalemie.

Mwezi wa pili mwaka 2015, Gaetano Borriello alifariki kwa ugonjwa wa kansa. Alikuwa baba wa mradi. Miradi mingi ya namna hii inakufa baba anapokufa: msimbo unabaki, lakini hakuna mtu wa kuufungua kila asubuhi. Na wakati huo ODK ilikuwa ikitumiwa na watu wengi duniani. Biro ya Afrika ya shirika la afya OMS iliitegemea katika kufuatilia ugonjwa wa polio. Hapo ndipo ulizo la nani anatunza lilipokuwa zito.

Kutunza programu ni kazi isiyoonekana, kwa hiyo inafaa kuelezwa. Google inabadilisha Android kila mwaka. Tangu mwaka 2018 imeweka sharti: programu isiyofuata mabadiliko hayo haikubaliwi kutoa toleo jipya katika duka lake. Kisha Android ya 11, iliyotoka mwaka 2020, ilifunga mlango wa zamani wa kutunza mafaili. Programu zote zililazimishwa kuhamisha vitu vyao ndani ya nafasi mpya. Kwa ODK Collect hiyo ilimaanisha kuhamisha mahali ambapo fomu na majibu vinalala. Kosa moja katika kuhamisha, majibu ya familia ambazo zimeshaulizwa, na ambazo hayajatumwa bado, yangeweza kupotea. Hakuna mfadhili mwenye kupenda kupigwa picha karibu na kazi ya namna hiyo. Haina kibao, haina uzinduzi. Ikifanywa vizuri, hakuna mtu anayejua kwamba ilifanywa.

Chuo kikuu kilipokuwa kikiachilia pole pole zana hizo za kwanza, ni ile nyumba ndogo iliyozishika. Nafundi ilikaribisha mafundi wa mashirika mengine kukaa pamoja na kuamua kipi kifanywe mbele. Watu wa kujitolea walipokea kazi ndogondogo. Wengine walitafsiri programu katika lugha zao, Kiswahili kikiwemo. Kisha wakajenga ODK Central, chombo kipya cha kupokea majibu, mahali pa kile cha zamani kilichoitwa Aggregate, ambacho kilikuwa kimezeeka. Leo kundi hilo linaishi zaidi kwa kuuza huduma: mwenye kutaka kutunziwa seva analipa, na mwenye kujua kuisimamisha mwenyewe anaichukua bure. Kobo nayo ilijitenga na Harvard ikawa shirika lisilotafuta faida, linalosimama kwa jina lake.

Njia hii si ya raha. Kampuni ndogo yenye kugawa matunda yake bure inashindana na kampuni zilizochukua msimbo uleule na kuuza huduma zao, na jambo hilo linaruhusiwa. Mashirika makubwa yanatumia programu kwa miaka bila kurudisha hata senti, kwa sababu katika bajeti zao kuna mstari wa kununua telefone lakini hakuna mstari wa kutunza kilicho ndani yake. Mafundi wakichoka, kila mtu anashangaa.

Na hatari ya programu isiyotunzwa si maneno tu. Mwezi wa kwanza mwaka 2022, Komite ya kimataifa ya Msalaba Mwekundu, CICR, ilitangaza kwamba wezi wa mitandao waliingia ndani ya seva zenye habari za watu zaidi ya 515.000: watu waliopotezana na familia zao kwa sababu ya vita, uhamaji na maafa, waliopotea, na wafungwa. Si ODK wala Kobo iliyohusika hapo. Ilikuwa programu nyingine. Lakini CICR yenyewe ilieleza kwamba wezi walipita katika tundu ambalo halikuwa limezibwa. Dawa ilikuwepo, haikuwekwa kwa wakati. Kwa mama aliyeacha jina la mtoto wake kwa mtu wa gile, habari hiyo inamhusu.

Hapa kuna kosa ambalo linafaa kusahihishwa. Kusema kwamba programu ni huria si kusema kwamba majibu yako wazi. Msimbo uko wazi kwa wote. Majina ya familia hayapaswi kuwa wazi kwa mtu yeyote asiyehusika. Ni sawa na kufuli: watu wote wa kijiji wanaweza kujua namna kufuli inavyotengenezwa, lakini funguo ya nyumba yako ni yako. ODK na Kobo zina uwezo wa kufunga majibu kwa ufunguo wa siri, yasisomwe na mtu anayeokota ao kuiba telefone. Lakini uwezo huo unafanya kazi ikiwa tu aliyeandaa fomu ameuwasha. Programu haiamui hilo. Shirika lenye kuandikisha ndilo linaloamua, na ndilo lenye kujibu.

Tangu tarehe 13 mwezi wa tatu mwaka 2023, Congo ina sheria ya mambo ya kidijitali, ordonansi-sheria namba 23/010, ambayo inagusa pia ulinzi wa habari za mtu binafsi. Kwa hiyo mwenye kuulizwa hafanyi ukaidi akiuliza naye. Kuna maulizo manne ambayo familia, ao prezida wa kambi kwa niaba yao, inaweza kumuuliza mwenye telefone mbele ya kujibu. Shirika gani linatunza majibu haya? Yatatumiwa kwa kazi gani? Nani mwingine atayaona? Na jina langu likiandikwa vibaya, ninaenda kwa nani ili lisahihishwe? Mwenye kuandikisha aliyefundishwa vizuri ana majibu. Kama hana, jambo hilo linafaa kufikishwa kwa wakubwa wake, bila ugomvi.

Kuna pia upande wa vijana. Wengi walioshika Kobo katika Goma, Bukavu, Beni na Bunia wanajua leo kuandika fomu kwenye Excel, kuzitafsiri kwa Kiswahili cha huku, na kuona mahali ambapo ulizo linakwama. Wanajua kwamba hapa nyumba moja inaweza kuwa na familia tatu, na kwamba mtoto wa ndugu ni mtoto wa nyumbani. Ujuzi huo ndio mafundi wa mbali wanakosa. Kwa kuwa msimbo uko wazi, hakuna kinachomzuia kijana wa Congo kutoa habari ya kosa, kusahihisha tafsiri mbaya, ao, akijifunza zaidi, kuandika msimbo wenyewe. Nafundi ilianza na watu wachache waliokataa kuacha kazi waliyoianza shuleni. Hapa kwetu, mahali ambapo orodha inaamua nani atapata hema na nani atalala nje, haja ya mafundi wa namna hiyo ni kubwa zaidi kuliko Seattle.

Kesho kijana wa gile atarudi tena, na telefone ileile mkononi. Ataanza na jina la mkubwa wa familia. Ni vizuri kulitaja polepole, herufi kwa herufi, na kumuomba asome alichoandika mbele ya kwenda hema ya pili. Sehemu hiyo ya kutunza, hakuna fundi wa mbali anayeweza kuifanya.